Sukari, moshi na mvua: manukato ya mji wa joto yanapokugeuka

Msomaji ameniandikia hivi: "Mimi na mume wangu tulinunua chupa moja ya manukato ya jinsia zote, yale yanayonukia kama vitu vya kuliwa. Yalitangazwa kuwa yamebeba hewa ya mji wa kitropiki: ndimu, nazi, kahawa, ramu, mvua juu ya lami. Dukani, kwenye kikaratasi, yalinipendeza sana. Lakini nikijipulizia shingoni, kama mara sita hivi, saa haiishi nimebaki na sukari ya kuungua tu na kichwa kinanigonga. Mume wangu akijipulizia mara mbili kifuani kabla ya kuvaa shati, nasikia kwake moshi, chumvi na mbao. Je, tumeuziwa feki? Au haya ni ya kiume, yakaandikwa ya wote ili yauzike?"

Dada yangu, nadhani jibu ni hapana kwa yote mawili. Manukato ya bandia kwa kawaida huiga mwanzo tu, ule unaomfanya mtu atoe pesa, na chini yake hamna kitu. Ya kwenu yana chini, na mumeo anaivaa kila siku. Wala hayana ukiume wowote ndani yake. Kinachotokea ni kwamba wewe unapata nusu moja ya mchanganyiko na yeye anapata nusu ya pili, na nitakueleza kwa nini, maana nusu hizo mbili ndizo hasa zinazoufanya mji uwe mji.

Kiswahili kimetupa vitenzi viwili vinavyotusaidia hapa: kunukia na kunuka. Kwa jina lake, manukato yako upande wa kunukia. Mji hauko upande mmoja. Fikiria mji wa joto jioni, mvua imetoka kukatika: lami inafuka mvuke, kuna matunda yameiva mpaka yanakaribia kuchacha, kahawa inakaangwa mahali usipopaona, moshi wa mkaa, bahari, jasho la watu wanaorudi makwao, na maua meupe ambayo ndiyo kwanza yanaanza kufunguka kwa ajili ya usiku. Nusu ya vitu hivyo hunukia, nusu hunuka, na hakuna aliyewahi kuvigawa barabarani. Mtengenezaji akichukua vya upande wa kunukia peke yake, atatoka na keki. Keki nzuri pengine, lakini keki. Akitaka mji lazima aazime kidogo kutoka upande wa pili, na ustadi wake wote uko kwenye hilo neno kidogo.

Maumbile yenyewe hufanya hivyo. Yasmini ina indoli, molekuli ileile inayopatikana kwenye kinyesi. Ikiwa chache sana, ua linakuwa hai, lina joto, lina usiku ndani yake. Ikizidi, unageuza uso. Ukiiondoa kabisa, unabaki na harufu ya sabuni. Molekuli ni moja, na tofauti ni kipimo tu. Likumbuke hili la kipimo, nitalirudia nikifika kwenye yale mara sita yako.

Sasa huo utamu wenyewe. Sukari ya mezani haina harufu. Chumvi nayo haina. Hazipai hewani kwa joto la kawaida, kwa hiyo pua haina cha kushika. Tunachokiita harufu ya sukari ni harufu ya vitu ambavyo tumevila pamoja na sukari tangu utotoni: vanila, karameli, matunda mabivu. Kumbukumbu ndiyo inayotia utamu, pua inaleta taarifa tu. Ndiyo maana manukato ya kundi hili, ambalo wenye kazi yao huliita gurmandi, yanagusa watu haraka na kuwachosha haraka vilevile. Yanaahidi chakula ambacho hakiji.

Utamu huo ulianza kama jambo la maabara. Mfamasia Mfaransa Nicolas-Théodore Gobley aliitenga vanilini, molekuli inayoipa vanila harufu yake, kutoka kwenye vanila mwaka 1858, na mwaka 1874 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann wakaitengeneza kutokana na kitu kilichomo kwenye utomvu wa miti jamii ya misonobari. Kabla ya hapo vanila ilikuwa ghali mno kuchezewa. Mmea wenyewe ni okidi ya Mexico, na nje ya kwao ulikuwa hautoi matunda ya maana mpaka mwaka 1841, pale Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion, alipoonyesha namna ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Mpaka leo okidi hiyo huchavushwa kwa mkono, ua moja baada ya jingine. Kila ninaponusa vanila halisi namkumbuka kijana huyo. Nadhani anastahili kutajwa kila mahali vanila inapotajwa.

Lakini kwa swali lako, tazama jinsi mabwana wa kazi hii walivyoutumia utamu huo. Aimé Guerlain alitoa manukato ya Jicky mwaka 1889, akiweka vanilini na kumarini, yenye harufu ya nyasi kavu, pamoja na lavenda, na juu ya hapo mguso wa harufu ya mnyama. Yalivaliwa na wanaume na wanawake, miaka zaidi ya 100 kabla CK One haijatoka mwaka 1994 na kuyafanya manukato ya jinsia zote yaonekane kitu kipya. Mwaka 1925 Jacques Guerlain alitoa Shalimar kwa etili vanilini, ambayo ina nguvu karibu mara tatu ya vanilini ya kawaida. Hakuiacha peke yake: juu aliweka bergamoti, tunda la jamii ya ndimu, nyingi na kali, na chini ngozi na moshi. Kisha mwaka 1992 Olivier Cresp akatengeneza Angel ya nyumba ya Thierry Mugler, manukato ambayo wengi huyahesabu kuwa mwanzo wa gurmandi ya sasa. Ndani yake kuna etili maltoli nyingi, molekuli isiyopatikana popote katika maumbile, yenye harufu ya sukari ya kuungua. Akaibana kwa pachuli, jani lenye harufu ya udongo, giza na uchungu. Miaka minne baadaye yakaja ya kiume ya nyumba hiyohiyo, A*Men, na humo utamu umefungwa kwa kahawa na lami.

Unaona mtindo? Utamu haukuachwa peke yake hata mara moja. Kila aliyefanikiwa aliufungia kitu kichungu, cha moshi, cha udongo au cha chumvi. Na ndiyo maana swali la kike na kiume halina nguvu hapa. Pachuli na etili maltoli hazina jinsia. Sanduku lina jinsia, rangi ya chupa ina jinsia, rafu ya duka ina jinsia. Kinachofanya gurmandi iweze kuvaliwa na yeyote ni ule mvutano wa kitamu na kichungu, na mkiwa wawili kwenye chupa moja, kila mmoja atavutwa upande wake kidogo.

Sasa twende kwenye chupa yenu. Nazi, nina hakika, ni laktoni, na hasa ile ambayo wenye kazi bado huiita aldehaidi C-18, jina la kale lenye kosa kwa sababu si aldehaidi hata kidogo. Ina harufu ya maziwa ya nazi na krimu. Ni nyenzo ngumu kuliko inavyoonekana. Ikizidi, mji unatoweka na unabaki na mafuta ya kujipaka ufukweni. Nilihangaika nayo miezi kadhaa nilipokuwa nachanganya kitu kama hicho chenu. Kila nilipopunguza nazi ilipotea, na kila nilipoirudisha ilimeza vingine vyote. Kilichonisaidia hatimaye ni kuiacha nazi ilivyo na kuongeza vetiva, mizizi yenye ukavu na moshi ndani yake. Ghafla nazi ikapata kifuu. Mumeo, unaposema unasikia mbao kwake, huenda unasikia kitu cha ukoo huo.

Ramu na kahawa tuzipite upesi. Ramu kwenye manukato kwa kawaida haitoki kwenye chupa ya ramu, ni mchanganyiko unaoigiza matunda makavu, mbao na molasi. Kahawa halisi ipo kama dondoo, na ni nzuri, lakini hufifia mapema. Ukitegemea ikufikishe jioni, utasikitika.

Mvua ndiyo inayonifurahisha zaidi. Ile harufu ya mvua ya kwanza juu ya ardhi kavu ilipewa jina la petrikori mwaka 1964 na wanasayansi wawili waliofanya kazi Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas. Walieleza kuwa ardhi na mawe hunyonya mafuta wakati wa ukame, kisha unyevu huyaachia hewani. Pamoja nayo kuna jeosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongo, na pua ya binadamu huisikia hata ikiwa kiasi kidogo kiasi cha kushangaza, sehemu chache katika trilioni. Mjini Kannauj, India, wachujaji wa uturi wamekuwa wakiifungia harufu hiyo kwenye mafuta ya msandali tangu zamani: hupika vigae vya udongo mkavu kwa maji na mvuke wake huuingiza kwenye mafuta. Kwa lami ya barabarani mtengenezaji huongeza tone la lami ya betula, mti wa nchi za baridi, nyeusi, yenye moshi mkali. Ni tone tu. Ukiinusa peke yake utasema inanuka, bila kusita. Ndani ya mchanganyiko ndiyo inayofanya ndimu ionekane imelowa na nazi ionekane iko nje, barabarani, badala ya jikoni.

Chumvi, kama nilivyosema, haina harufu. Anayeandika chumvi kwenye sanduku anamaanisha mwani, ambari au molekuli zenye ukavu wa madini zinazokumbusha bahari. Si uongo, ni taswira. Ila ujue kwamba orodha ya sandukuni ni hadithi inayosimuliwa kwa pua, haikuambii kilichotiwa ndani wala kwa kiasi gani.

Basi kwa nini shingoni kwako hadithi hiyo inakatika saa ya kwanza?

La kwanza ni joto. Vitu vyepesi huruka kwanza, vizito hubaki. Limonini, inayoipa ndimu na machungwa ule mng'ao, huchemka kwenye nyuzi 176 hivi za Selsiasi. Vanilini huchemka karibu nyuzi 285. Hatuchemki sisi, lakini tofauti hiyo inakuonyesha ni nani atakayeondoka mapema. Kikaratasi cha dukani kina ubaridi wa chumba, na duka lenye kiyoyozi lina ubaridi zaidi. Ngozi yako ina nyuzi 33 hivi, na shingoni, panapopita damu nyingi karibu na ngozi, ni pa moto kuliko sehemu nyingi. Kadiri joto linavyopanda, molekuli hupaa kwa wingi; nyuzi 10 tu zinaweza kuongeza wingi huo maradufu au zaidi. Kwa hiyo mwilini kwako ndimu na mvua zinakimbia kwa dakika, na sukari inayopaswa kuja taratibu jioni inafika yote kwa pamoja. Ulichonunua dukani ni dakika 10 za mwanzo. Unachoishi nacho ni saa ya tatu. Manukato ya aina hii yahukumiwe kwa saa ya tatu.

La pili ni kipimo, na hapa ndipo ninapoweka uzito wa jibu langu. Mara sita kwa mara mbili si suala la nguvu tu. Harufu ikizidi hubadilika sura, kama ile indoli. Etili maltoli ikiwa chache ni jua la jioni kwenye tunda. Ikiwa nyingi ni sufuria iliyoachwa motoni. Zaidi ya hayo, kwenye mchanganyiko mwenye sauti kubwa huwafunika wenye sauti ndogo, na katika chupa kama hii mwenye sauti kubwa ni sukari. Ile lami, ile chumvi, ule mzizi wa vetiva, vyote bado vipo shingoni kwako. Huvisikii tu.

Na la tatu ni mahali. Shingo iko chini ya pua yako. Umejiweka ndani ya wingu na huna pa kutokea. Pua huzoea kila harufu kwa kasi yake, kwa hiyo baada ya muda unachokisikia kwako si manukato kamili, ni mabaki ya yale ambayo pua bado haijayazoea. Mumeo unamnusa kwa vipindi: anapita, anainama, anakaa kando yako, na kila mara pua yako ni mpya. Shati nalo linapunguza kasi ya mvuke. Kuna jambo lingine la kuzaliwa nalo: watu wengine hawazisikii kabisa baadhi ya miski na mbao za maabara, ilhali jirani yao anazisikia vizuri. Inawezekana yeye akijinusa mwenyewe anapata picha ambayo wewe huipati, na kinyume chake. Muulize. Wenzi wengi hawajawahi kuulizana.

Kuna kitu hukuniambia, nami nakiuliza kwa sababu nimekuta mara nyingi ndicho chanzo: unapaka nini mwilini kabla ya kujipulizia? Kama ni losheni yenye nazi, vanila au siagi ya kakao, tayari una gurmandi moja mwilini, na unaweka ya pili juu yake. Mumeo huenda hapaki chochote, au anapaka kitu kisicho na harufu. Ngozi kavu sana nayo hailei manukato vizuri, kwa hiyo usiache kupaka. Tumia losheni isiyo na harufu kabisa na uiache ikauke kwanza.

Kuhusu kujipulizia, ningeanza na mara moja. Ndiyo, moja, tumboni au nyuma ya magoti, au kwenye kiuno chini ya nguo, ili harufu ipande taratibu ikichujwa na kitambaa. Mara ya pili iwe kwenye upindo wa nguo, si mwilini, maana kitambaa ni baridi kuliko ngozi na kitakupa ule mwanzo wa ndimu na mvua kwa muda mrefu zaidi. Isiwe nguo nyeupe, tafadhali. Vanilini hugeuka kahawia kadiri inavyokutana na hewa na mwanga, na doa lake ni gumu kutoka. Kwa sababu hiyohiyo usishtuke kioevu ndani ya chupa kikiwa cheusi mwakani kuliko leo. Kama harufu haijachacha, ni vanila inazeeka. Iweke kabatini, mbali na dirisha na bafu. Na kwa kuwa humo mna ndimu, usijipulizie kwenye ngozi itakayopigwa na jua kali. Baadhi ya mafuta ya jamii ya ndimu na bergamoti yana vitu vinavyoifanya ngozi iungue au itoke madoa. Watengenezaji makini hutumia yaliyosafishwa, lakini uangalifu haugharimu kitu.

Kusugua vifundo vya mikono hakuvunji molekuli kama watu wasemavyo, kunaongeza joto tu na kuufupisha mwanzo, ambao kwako tayari ni mfupi. Wala kunusa buni dukani hakusafishi pua kuliko hewa ya kawaida. Toka nje ukapumue.

Kichwa kugonga ni jambo la kulichukulia kwa uzito. Kama kunatokea kwa manukato haya tu na kwa mara sita tu, ni wingi. Kama kunatokea kwa manukato mengi, au kifua kinakubana, acha kujipulizia na umwone daktari. Hapo si suala la kuchagua harufu tena.

Kabla hujaamua lolote kuhusu chupa, fanyeni jaribio hili siku ya mapumziko, mkiwa mmeoga kwa sabuni isiyo na harufu na hamjapaka kitu. Pulizeni mara moja kila mmoja, ndani ya kiwiko cha kushoto, kwa umbali uleule. Msijinuse mfululizo. Nuseni baada ya dakika 10, baada ya saa moja, na baada ya saa tatu, na kila mara mnuse mikono yote miwili, wako na wake, kila mmoja akiandika anachokisikia bila kumwambia mwenzake. Ikiwa mkono wako saa ya tatu una moshi na mbao kama wake, tatizo lilikuwa ni shingo na yale mara sita, na chupa ni yenu wote wawili. Ikiwa mikono yote miwili imebaki sukari tupu, basi mtengenezaji aliweka lami na chumvi kwenye sanduku kuliko kwenye chupa, na kifuani kwa mumeo shati lilikuwa linamsaidia. Na ikiwa wako ni sukari na wake ni moshi hata hapo, mwachie yeye mwilini, wewe yavae kwenye nguo tu, kwenye mtandio au bitana ya koti. Huko hakuna ngozi ya kuyaharakisha, na mvua yako itakaa.